Mhitimu wa chuo usimpime kwa cheti, wala kwa dharau. Mpime kwa kazi

Leo tuongee na wale waliofika pale pa "kazi imenizidi, nahitaji mtu." Oda zimeongezeka, meseji hazijajibiwa tangu asubuhi, boda yuko nje anapiga simu, mteja wa Mwanza anataka risiti ya basi, na wewe ni mmoja. Unaposti tangazo la kutafuta msaidizi. Siku mbili hazijaisha, simu imejaa maombi ya vijana waliomaliza chuo juzi tu. Huyu kasoma masoko, yule uhasibu, mwingine sosholojia, mwingine kilimo.

Hapo ndipo ushauri unapoanza kumiminika. Kundi la kwanza linakwambia, "Chukua mwenye GPA kubwa, huyo ana kichwa." Kundi la pili linakwambia, "Achana na wasomi, hawajui kitu, wana maringo. Chukua aliyekulia sokoni."

Maoni yangu ni kwamba makundi yote mawili yanakosea kosa lile lile. Yote yanahukumu mtu kabla ya kumpima. La kwanza linahukumu kwa karatasi, la pili linahukumu kwa hasira. Na anayelipia hukumu hiyo ni wewe, maana mtu asiyefaa akikaa na simu ya biashara wiki mbili tu, wateja wanakimbia na hela inapotea bila kelele. Upande wa pili, kijana mzuri akifukuzwa baada ya siku tatu kwa kuwa "hajui kitu", wewe umepoteza mtu ambaye kwa mwezi mmoja angekuwa mkono wako wa kulia, na yeye anarudi nyumbani akiamini kwamba miaka yake ya chuo haina thamani.

Kumpima mhitimu hakuhitaji ofisi wala mtaalamu. Kunahitaji nusu siku, daftari, na wewe kuijua kazi yako vizuri.

CHETI KINASEMA NINI, NA KINANYAMAZA WAPI

Tuanze na cheti, maana hakistahili kudharauliwa. Kwa shahada za kwanza nyingi hapa Tanzania, GPA inahesabiwa hadi 5.0. Daraja la kwanza linaanzia 4.4, daraja la pili la juu linaanzia 3.5, daraja la pili la chini 2.7, na anayepata chini ya hapo hadi 2.0 amefaulu tu. Mtu mwenye 3.8 ana kitu anachokwambia: kwa miaka mitatu au minne alisoma mambo mengi, akakabidhi kazi kwa tarehe aliyopangiwa, akafanya mitihani, akavumilia. Hilo si dogo. Wapo watu hawawezi kumaliza hata kitabu cha kurasa hamsini.

Lakini cheti hakikwambii kama anaweza kumjibu mteja mwenye hasira saa tatu usiku. Hakikwambii kama anajua faida ya begi moja ni shilingi ngapi baada ya kutoa usafiri. Hakikwambii kama atagundua ujumbe wa malipo ni feki. Na si kosa la chuo. Hakuna chuo kinachoweza kumfundisha mtu biashara YAKO, bei ZAKO na wateja WAKO.

Hili si la kwetu tu. Mwaka 1998 wataalamu wawili wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walikusanya matokeo ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Miaka ambayo mtu amekaa shule, ikitazamwa peke yake, ilisema kidogo sana kuhusu atakavyofanya kazi. Kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe akifanye mbele yako kulisema mengi zaidi. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake wakazipiga hesabu hizo upya. Namba zikashuka, lakini usaili wenye maswali yaliyopangwa, yaani maswali yale yale kwa kila mwombaji, ukaongoza, na jaribio la kazi likabaki miongoni mwa njia nzuri. Kwa hiyo mwenye duka la kwenye simu hana haja ya kubuni kitu kipya. Aulize wote maswali sawa, kisha awape kazi waifanye.

USIMPIME KWA LUGHA AMBAYO SI YA KAZI

Kuna jambo moja watu wanalipita haraka. Mhitimu wetu amesoma sekondari na chuo kwa Kiingereza. Masoko kayasoma kwa Kiingereza, uhasibu kausoma kwa Kiingereza. Ukimuuliza kwa Kiswahili "utafanyaje mteja wa zamani arudi kununua?" anaweza akagugumia, si kwa sababu hajui, ila maneno yote ya somo lile kayahifadhi kwa lugha nyingine. Na kuna mwingine atakupa Kiingereza kilichonyooka mpaka ukashtuka, halafu mpe mteja aliyeandika "dada mwisho ngapi nije kuchukua", hajui amjibuje.

Wateja wako wanaandika Kiswahili, tena cha mtaani, chenye vifupisho na makosa. Basi jaribio lifanyike kwa Kiswahili hicho hicho. Kama unauza pia kwa wateja wa nje wanaoandika Kiingereza, ongeza jaribio la Kiingereza. Lakini usimpe mtu kazi kwa sababu tu ya lafudhi, na usimnyime kazi kwa sababu hiyo hiyo.

KABLA HUJAMPIMA YEYE, ANDIKA KAZI YAKO

Wengi wetu tukiulizwa "huyo mtu atafanya nini?" tunajibu "atanisaidia saidia." Kusaidia saidia hakupimiki. Kaa chini uandike kazi zenyewe. Kwa muuzaji mdogo wa mtandaoni mara nyingi zinaangukia humu:

1. Kujibu wateja kwenye WhatsApp na Instagram, kwa haraka, kwa adabu na kwa bei sahihi.
2. Kupiga hesabu: bei, punguzo, usafiri, faida inayobaki.
3. Kutunza kumbukumbu: nani kaagiza, nani kalipa, mzigo uko wapi, stoku imebaki ngapi.
4. Kupiga picha na kuandika maelezo ya bidhaa.
5. Kutatua malalamiko bila kupoteza mteja na bila kupoteza mali.

Huenda wewe huhitaji zote tano. Anayeuza vitambaa anaweza kupiga picha mwenyewe, tatizo lake likawa kumbukumbu tu. Basi mtafute mtu wa kumbukumbu, na umpime kwenye kumbukumbu. Ukitaka mtu mmoja awe mpiga picha, mhasibu, mhudumu na dereva wa boda, utawaona wahitimu wote hawafai, na kosa halitakuwa lao.

MAJARIBIO MANNE YA NUSU SIKU

La kwanza: meseji kumi. Chukua meseji kumi za kweli ulizowahi kupokea. Zinakili bila majina na namba za wateja. Hizo ni taarifa zao, na tangu mwaka 2023 tunayo sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi. Changanya rahisi na ngumu: "Bei gani?" "Mnayo nyeusi saizi 40?" "Nipo Mbeya nitaipataje?" "Naogopa kutapeliwa, duka lenu liko wapi?" "Nipunguzie basi kipenzi." "Mzigo tangu juzi haujafika, mmekula hela yangu?" Mpe orodha ya bei na utaratibu wako wa kutuma mizigo, kisha ajibu zote kwa maandishi.

Unatazama nini? Je, amejibu kilichoulizwa? Je, bei ni sahihi? Je, jibu linampeleka mteja kwenye hatua inayofuata, au limeishia "ipo" tu? Kwenye ile ya mzigo uliochelewa, je, kaanza kubishana, au kapoza kwanza halafu akaomba namba ya oda afuatilie? Na kuna kitu kimoja kikubwa kuliko vyote: je, ameahidi kitu ambacho kwenye utaratibu wako hakipo, kama "utarudishiwa hela yote leo"? Mtu wa kuahidi ovyo ni hasara inayotembea, lakini akielekezwa anafundishika.

La pili: hesabu ya begi. Mwambie hivi. Umenunua mabegi 20 kwa 18,000 kila moja. Kuyasafirisha yote kumegharimu 60,000. Mfuko na stika ni 500 kwa kila begi. Unauza 30,000. Mteja anataka punguzo la asilimia 10, na umpelekee bure, na boda ni 4,000. Unabaki na faida gani?

Tuhesabu pamoja. Usafiri ni 60,000 gawanya kwa 20, yaani 3,000 kwa begi. Ukijumlisha 18,000, 3,000 na 500, begi limekugharimu 21,500. Bila punguzo na bila kulipia boda, faida ni 8,500. Ukitoa punguzo la asilimia 10 mteja analipa 27,000, ukitoa boda 4,000 unabaki na 23,000. Faida ni 1,500. Kisha muulize swali la nyongeza: mteja akidai asilimia 15 je? Analipa 25,500, boda inakula 4,000, zinabaki 21,500. Faida sifuri. Umefanya kazi ya kumtafutia mtu begi bure.

Atumie simu kupiga hesabu, hakuna shida, unatazama kama anajua nini kijumlishwe na nini kitolewe. Mhitimu wa uhasibu anaweza kukosa hapa kwa kusahau boda, na mhitimu wa historia akapata yote. Ndiyo maana tunapima.

La tatu: oda zilizochanganyika. Mwandikie oda kumi na mbili zikiwa vurugu, kama zinavyokuja kwenye simu: huyu kalipa nusu, huyu kabadilisha rangi, huyu kaghairi, wawili wana jina moja, mmoja kaagiza mara mbili. Mwambie azipange kwenye daftari au kwenye Excel, apendavyo, kisha akujibu maswali matatu: tumeuza mangapi, tunadai kiasi gani, na leo mizigo gani inatoka. Ukiweza kulisoma jedwali lake bila yeye kukaa pembeni akifafanua, ana kitu. Hapa ndipo wahitimu wengi wanapong'aa, kwa sababu chuo kimewazoesha kupanga taarifa. Ukiwapima kwa mdomo tu, uwezo huu hutauona.

La nne: malipo. Mwoneshe picha ya ujumbe wa malipo "uliotumwa na mteja", mwambie mteja anasema yuko njiani na boda anasubiri. Atafanyaje? Jibu unalolitaka ni kwamba anaangalia kwanza salio au ujumbe ulioingia kwenye simu ya biashara, ndipo mzigo utoke. Picha aliyotuma mteja si malipo. Akijibu "namruhusu maana ametuma picha", usimfukuze. Andika kwamba hili ni somo la siku ya kwanza kabla hajagusa simu.

Kila jaribio mpe alama 0 hadi 3. Sifuri hawezi kabisa, 1 anaweza akisaidiwa, 2 anaweza peke yake kwa makosa madogo, 3 unaweza kumwachia ukaenda Kariakoo kufuata mzigo. Waombaji wote wapite majaribio yale yale na maswali yale yale. Ukimpa mmoja rahisi kwa kuwa ni mtoto wa jirani, hujapima.

Ongeza swali moja la kuongea: "Ulipokuwa field, kazi gani ilikuwa mikononi mwako wewe mwenyewe, na mwishoni ilikuwaje?" Anayejibu "tulifanya, tulishiriki, tulisaidiana", muulize tena, "Wewe binafsi?" Kuna waliokaa wiki zote za mafunzo kwa vitendo wakitumwa kutoa kopi. Si kosa lao, lakini ujue kwamba kazi halisi bado hawajaigusa, na kwamba wewe ndiye utakuwa wa kwanza kuwapa.

JARIBIO LA PILI NDILO LENYE UKWELI

Hapa wengi wanakosea. Wanapima mara moja, wanajumlisha alama, wanamchukua wa juu. Subiri kidogo.

Baada ya majaribio, kaa naye dakika kumi na tano. Mwoneshe alipokosea. "Hapa umesahau boda. Hapa mteja umemjibu sawa lakini hukumwambia alipie vipi." Kisha mpe meseji nyingine tano na hesabu nyingine moja, afanye tena.

Alama ya mara ya pili ukilinganisha na ya mara ya kwanza inakwambia kitu ambacho cheti hakiwezi kukwambia: anafundishika kiasi gani. Aliyetoka 1 akaenda 2 na nusu baada ya dakika kumi na tano, baada ya mwezi atakuwa mbali. Aliyepata 2, ukamweleza, akakukatalia kwamba yeye yuko sahihi na mwalimu wake alisema hivi, halafu akarudia kosa lile lile, huyo atabaki kwenye 2, na kila siku mtakuwa na kesi. Mimi ningemchukua wa kwanza bila kufikiri mara mbili, hata kama GPA yake ni ya chini.

PENGO SI MOJA, NI MANNE

Umempata mtu wako. Sasa usiseme "ana mapungufu mengi." Sema pengo lipi, maana kila pengo lina dawa yake.

Pengo la kujua. Hajui kwamba mzigo wa basi una risiti na namba ya kondakta, hajui unga huu hautumwi kwa boda mvua ikinyesha. Dawa: mwambie, mwandikie. Ni la siku moja au mbili.

Pengo la mazoezi. Anajua lakini mkono mzito. Anamjibu mteja vizuri ila anachukua dakika ishirini. Dawa ni kurudia, wewe ukiwa karibu. Ukimpa maelezo zaidi hapa unapoteza muda wako na wake.

Pengo la mazingira. Hili ni lako, mfanyabiashara. Anatoa bei mbaya kwa sababu bei ziko kichwani mwako tu. Anachelewa kujibu kwa sababu kifurushi kimeisha na hajapewa hela ya kuunga kingine. Mhitimu huyu huyu angekaa duka lenye orodha ya bei iliyoandikwa, angeonekana hodari. Kabla hujasema hajui, jiulize ungempa daftari langu la utaratibu, lipo? Kama halipo, mpe yeye kazi ya kuliandika wiki ya kwanza wakati unamfundisha. Wamezoea kuandika, watumie kwa hilo.

Pengo la tabia. Uongo, kuchukua hela ya mauzo "nitarudisha", kuwatukana wateja. Hapa usijidanganye kwamba mafunzo yatatibu. Weka utaratibu wa kumlinda yeye na wewe: malipo yote yaingie kwenye lipa namba ya biashara na si kwenye namba ya mtu, stoku ihesabiwe kila Jumamosi mkiwa wawili. Akiiba pamoja na hayo, muachane kwa kufuata taratibu.

Ukiyachanganya mapengo haya utamfokea mtu kwa pengo la mazoezi kana kwamba ni tabia mbaya, na utamvumilia mwizi kana kwamba bado anajifunza.

WIKI NNE ZA KUMKUZA

Chukua alama zake, chagua mapengo mawili tu ya kuanza nayo, yale yanayogusa hela. Wiki ya kwanza anatazama na kuandika utaratibu, anajibu maswali mepesi na wewe unasoma kabla hajatuma. Wiki ya pili anajibu mwenyewe, wewe unapitia jioni na mnachagua majibu matatu ya kurekebisha. Wiki ya tatu anakabidhiwa kumbukumbu za oda zote, na malalamiko bado yanakuja kwako. Wiki ya nne anashika siku nzima peke yake, halafu mnarudia majaribio yale manne kwa mifano mipya.

Linganisha alama za siku ya kwanza na za siku ya thelathini, mkae nazo mezani. Yeye aone alipopanda. Kijana ambaye hajawahi kuambiwa na mtu "hapa umeongezeka" atafanya kazi kwa moyo kuliko anayesikia lawama tu. Na kama hajapanda, namba zitasema, wala hamtagombana.

"NIKIMFUNDISHA ATAONDOKA"

Najua mnachotaka kusema. Nikimfundisha ataondoka afungue ukurasa wake, auze vitu vile vile. Wengine watasema wahitimu wanasubiri tu ajira za serikali zitangazwe, wakiitwa kwenye usaili wanakimbia.

Ni kweli, wengine wataondoka. Lakini fikiria upande wa pili: usipomfundisha, halafu akabaki. Hapo simu ya biashara yako iko mkononi mwa mtu asiyejua, kila siku, mwaka mzima. Anayeondoka baada ya miezi kumi akiwa amekuachia daftari la utaratibu lililoandikwa vizuri, orodha ya bei iliyopangwa na kumbukumbu safi, amekulipa. Msaidizi wa pili utamfundisha kwa nusu ya muda.

Muulize wazi siku ya kwanza: "Ukiitwa serikalini utaenda?" Akisema ndiyo, mshukuru kwa ukweli, mkubaliane atakupa taarifa muda gani kabla. Anayekudanganya "nitakaa milele" ndiye wa kumwogopa.

NA HAKI YAKE IWEPO

Hapa nitasema bila kuzunguka. Kuna mtindo wa kumwita mhitimu "aje ajifunze", anajibu wateja miezi mitatu bila senti, kisha anaambiwa hafai, anaitwa mwingine. Huko si kupima, huko ni kula jasho la mtu. Jaribio la nusu siku mpe nauli na chakula. Akifanya kazi inayokuingizia hela, mlipe, hata kama ni kidogo mlichokubaliana, tena kwa maandishi.

Ukishamwajiri rasmi kuna mambo ya sheria usiyakwepe. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anachangia angalau nusu yake. Na hili wafanyabiashara wadogo wengi hawalijui: ukimwajiri mhitimu, unatakiwa kuijulisha Bodi ya Mikopo, HESLB, ndani ya siku 28, na kama ni mnufaika wa mkopo unamkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi na kuiwasilisha. Muulize mapema, muweke wazi kwenye hesabu, asije akashtuka mwisho wa mwezi akadhani umemuibia.

SASA FANYA HIVI

Kabla hujaposti tangazo lako, chukua daftari usiku wa leo. Andika kazi tano za biashara yako, weka alama kwenye mbili unazozihitaji zaidi. Nakili meseji kumi. Tengeneza hesabu moja kwa bidhaa yako mwenyewe, yenye usafiri na punguzo ndani yake. Ukimaliza, ijibu mwenyewe kwanza. Kama wewe mwenye duka imekuchukua dakika kumi na tano kujua faida yako, utamwelewa yule kijana wa chuo atakapoomba dakika ishirini.

Na wewe mhitimu unayesoma hapa kwa sababu unatafuta pa kushika: usisubiri kupimwa. Chukua bidhaa tatu za muuzaji unayemfahamu, ziandikie maelezo, zipigie hesabu ya faida, jibu meseji zinazoulizwa sana, umpelekee. Barua ya maombi anazo nyingi. Kazi iliyofanyika tayari juu ya bidhaa zake mwenyewe, hiyo ataisoma mpaka mwisho.

Kama una mwenzako anatafuta msaidizi wiki hii, mtumie hii kabla hajaanza kuuliza GPA. Na wewe uliyewahi kuajiri mhitimu, tuandikie hapo chini: pengo gani ulilikuta kwanza, na lilichukua muda gani kuzibika?